Sijawahi Kukanyaga Theluji, Lakini Nilikuuzia Snoubodi

Wasee, leo nakiri. Kuna makala fulani mtandaoni, kwa Kiingereza safi kabisa, ambayo mwandishi wake anasema ameteleza kwenye milima ya Colorado kwa miaka kumi na tano. Anasema anaijua sauti ya makali ya chuma yakikata barafu asubuhi na mapema. Anasema aliijaribu ile snoubodi wiki tatu mfululizo na mpaka leo goti lake la kushoto linamkumbusha.

Huyo mwandishi ni mimi. Nina miaka 23, naishi Kahawa West, na theluji ya karibu zaidi niliyowahi kugusa ni ile inayoganda kwenye friza ya bucha iliyo chini ya ploti yetu.

Wanaonifuata tangu zamani wanajua niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo. Watu hupenda kusikia kwamba niliacha kwa sababu nilikuwa na maono makubwa, na mimi huwa nawaachia waamini hivyo. Ukweli ni kwamba karo ilikuwa imebaki, mzee alikuwa amepunguzwa kazini, na mimi nilikuwa nimeanza kulipwa kuandika. Halafu kuna lile somo la uimara wa vifaa, la mihimili na jinsi inavyopinda. Lilinishinda mara mbili. Hiyo sehemu huwa siitaji kwenye video.

Sasa, kazi za kuandika zinavyokuja, si unajua. Mteja yuko ng'ambo, hujawahi kumwona uso, anakutumia kichwa cha makala na maelezo. Leo unaandika kuhusu bima ya mbwa, kesho mashine ya kukata nyasi, keshokutwa dawa ya mende. Jioni moja, kama saa tano usiku, ikaingia hii: snoubodi ya milima yote kwa wateleza wenye ujuzi. Maneno elfu mbili. Shilingi 1,800. Na maagizo: andika kwa nafsi ya kwanza, kama mtu aliyeijaribu.

Nilikuwa nimesota. Nikakubali kabla hata sijajua snoubodi ni mnyama gani.

Lakini niseme kitu kimoja, na hapa sitajidharau. Nilisoma. Nililala saa kumi alfajiri siku tatu. Na kadiri nilivyosoma ndivyo kile kibao kilivyonishika, kwa sababu nilichokuwa naangalia ni lile somo langu lililonishinda, limevaa rangi na michoro.

Anza na mwanzo wake. Siku ya Krismasi mwaka wa 1965, mjini Muskegon, jimbo la Michigan huko Marekani, mhandisi mmoja anaitwa Sherman Poppen aliunganisha skii mbili pamoja ili mabinti zake wapate kitu cha kutelezea kwa kusimama. Mke wake akakipa jina Snurfer. Mwaka wa 1977, Jake Burton Carpenter akafungua kampuni yake Vermont, akaanza kutengeneza mbao zilizokuwa na kitu cha kufungia miguu. Wenye milima hawakuwataka. Vijana wa snoubodi walifukuzwa kwenye sehemu nyingi za skii mpaka miaka ya 1980, na kuna milima michache, kama Alta kule Utah, ambayo hata leo hairuhusu snoubodi. Halafu mwaka wa 1998, Nagano, Japani, mchezo ukaingia Olimpiki. Kumbuka huo mwaka, nitaurudia.

Sasa ubao wenyewe. Ndani kuna moyo wa mbao, mara nyingi vipande vyembamba vya mti wa popla, paulonia au mianzi vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu. Juu na chini ya mbao kuna tabaka la nyuzi za kioo zilizolowekwa kwenye gundi ngumu. Ukingoni kuna ukanda wa chuma. Chini kabisa kuna plastiki ya kutelezea. Vyote vinabanwa pamoja kwa joto na shinikizo mpaka viwe kitu kimoja.

Hapo kwenye mbao nilikwama. Nilikuwa nasoma kwamba moyo wa ubao ni mnene katikati, pale miguu inaposimama, kisha unapungua kuelekea kwenye pua na mkia, na sikuelewa kwa nini watu wanabishania milimita moja. Kesho yake nikateremka kwa fundi seremala wa hapa mtaani. Sisi humwita Baba Shiro. Nikamwonyesha picha kwenye simu.

"Mzee, hii ni mbao ya kutelezea kwenye barafu. Kwa nini wanaipunguza unene huku mwisho?"

Akaitazama sana, akaitanua picha kwa vidole viwili.

"Kijana yangu, hii inabeba mtu?"

"Inabeba, tena anaruka nayo."

Hakusema mengi. Alichukua ubao wa kitanda, akauegemeza kati ya matofali mawili, akanisimamisha juu. Ukapinda. Akaongeza wa pili juu yake, umelala tu, haujagundishwa. Ukapinda kiasi. Halafu akaleta kipande kimoja kilichogundishwa, unene wa zile mbili. Nikasimama. Kimya. Hata kuruka niliruka.

"Gundi ndiyo inafanya mbili kuwa kitu kimoja," akasema. "Zikiwa hazijashikana, kila moja inapinda kivyake."

Manze, nilisimama pale kwenye vumbi la mbao nikakumbuka ubao wa darasani. Ugumu wa kupinda hukua kwa unene ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Ndiyo maana milimita moja ni habari. Mhadhiri alisema hiyo kitu mbele yangu mara mbili, miaka miwili tofauti, na haikuingia. Baba Shiro alitumia matofali mawili na dakika tano.

Kutoka hapo mengine yakafunguka. Kuna kitu kinaitwa kemba. Ukilaza ubao wenye kemba sakafuni, katikati yake unainuka kidogo kama upinde, unagusa chini karibu na miisho miwili. Ukisimama juu, uzito wako unaulaza, na ile nguvu ya kutaka kuinuka tena inasukuma makali ya chuma kwenye theluji kwa urefu wake wote. Ndiyo sababu unashika vizuri kwenye barafu ngumu, na ndiyo sababu ukitaka kuruka unakurusha.

Kinyume chake ni roka. Huo umepinda kama mtumbwi, katikati chini, pua na mkia juu. Kwenye theluji nyingi, laini kama unga wa chapati, unaelea. Makali hayanasi ovyo. Lakini kwenye barafu unateleza pembeni kama matatu yenye matairi yaliyoisha siku ya mvua.

Ubao wa milima yote unataka vyote viwili, kwa hiyo wabunifu huchanganya. Ule nilioandikia ulikuwa na kemba chini ya miguu na pua iliyoinuliwa mapema. Umbo lake lilikuwa karibu pacha, ili uweze kuteleza ukitanguliza mguu wowote, lakini mahali pa kusimama palisogezwa nyuma kidogo, kama milimita kumi na mbili na nusu, ili pua iwe ndefu kuliko mkia na isizame kwenye theluji ya unga. Ubavuni ulikuwa umechongwa kwa ndani, kiuno kama cha chupa ya soda. Ukiulaza upande, ule mchongo ndio unaoamua mzingo wa kona utakayokata. Kuna kampuni nyingine, wenye Lib Tech, wao hata makali wameyatia mawimbi, kama kisu cha mkate, ili yashike barafu.

Hata ile plastiki ya chini ina siasa yake. Ya bei nafuu huyeyushwa ikasukumwa kama tambi, haina shida nyingi, ukikwaruza unaziba. Ya bei ghali ni chembechembe zilizobanwa kwa joto mpaka zikashikana, ina vitundu vidogo vinavyokunywa nta, na ina kasi zaidi. Lakini usipoipaka nta mara kwa mara, umenunua kasi ambayo huna.

Nikafika kwenye swali ambalo naona wengi tunalikosea, na si kwenye snoubodi tu. Tukisikia kitu "cha kazi zote" tunadhani ni cha watu wote. Tunafikiria Probox. Probox inabeba mitungi ya gesi, inabeba maiti, inabeba harusi, na anayeiendesha anaweza kuwa amepata leseni jana. Inasamehe. Ubao wa milima yote wa mtu mwenye ujuzi hausamehi. Unaweza kwenda kila mahali kwa sababu ni mgumu, una kemba, una makali yanayonasa haraka, na mwenye kuusimamia anajua uzito wake uko wapi kila sekunde. Ukimpa anayeanza, asilaze vizuri, ukingo wa upande wa bondeni ukinasa, anapigwa chini kama gunia. Na anayeanguka hivyo hutanguliza mikono. Kifundo cha mkono kuvunjika ni jeraha la kawaida sana kwa wanaoanza mchezo huu.

Hiyo aya niliiandika. Ilikuwa bora kuliko zote. Nilisema wazi: huu ubao si wa anayeanza.

Mteja akairudisha asubuhi. Alitaka aya hiyo iondoke, na mahali pake niweke kwamba ubao unafaa kila kiwango. Sababu yake haikuwa siri. Mtu akibonyeza kiungo kwenye makala akanunua, yeye hupata asilimia yake. "Wanaoanza ndio wanaonunua," akaniandikia.

Ningependa kuwaambia nilikataa. Nilibadilisha. Ilinichukua dakika nne. Niliongeza hata sentensi yangu mwenyewe, kwamba nilimfundishia mpwa wangu kwa ubao huo na akapenda. Mpwa wangu ana miaka mitano na anaishi Kitui. Pesa ikaingia, nikalipa tokeni za stima, nikanunua nyama robo.

Ikapita kama miezi miwili. Mteja alikuwa amenipenda, sasa hata barua za wasomaji alikuwa ananitumia nijibu kama "mtaalamu wetu". Ikaja ya baba mmoja. Aliandika kwa heshima. Binti yake ana miaka 14, ana kilo 45, hajawahi kuteleza, na wanasafiri kwenda mlimani likizo yao ya kwanza pamoja tangu yeye na mama yake waachane. Alikuwa amesoma makala yangu. Alitaka kumnunulia ule ubao, urefu wa sentimita 158, akauliza kama ni sawa, kwa sababu aliona niliufundishia mpwa wangu.

Niliisoma nikiwa kitandani. Nikaweka simu chini. Nikaichukua tena.

Unajua, siku zote nilijiambia hizi kazi hazina mtu upande wa pili. Ni maneno yanaenda kwenye shimo, na shimo linatema pesa kidogo. Sasa shimo lilikuwa na msichana wa kilo 45.

Nilimjibu ukweli kuhusu ubao. Nikamwambia asinunue. Urefu huchaguliwa kwa kuangalia uzito wa mtu kuliko kimo, na 158 ni ubao wa mtu mzima mwenye uzito wake. Nikamwambia binti anahitaji ubao mfupi, laini, wenye miisho iliyoinuliwa ili makali yasimnase, na kwamba ni afadhali akodishe kulekule mlimani siku za kwanza, achukue mwalimu, avae kofia ngumu na vikinga vya mikono. Nikamwambia namba za ugumu zinazoandikwa kwenye mbao asizilinganishe kati ya kampuni na kampuni, kwa sababu hakuna kipimo kimoja wanachofuata wote. Yote hayo niliyajua. Hapo sikudanganya hata neno.

Akashukuru sana. Halafu akauliza swali dogo, la kirafiki tu: "Wewe ulipokuwa unateleza nao kwenye barafu, ulitetemeka kwenye kasi?"

Nilikaa na hilo swali siku nzima. Jibu nilikuwa nalo. Ningeweza kuandika aya mbili nzuri kuhusu mtetemo, kuhusu nyuzi za kioo zilizosukwa pande tatu na vile zinavyotuliza ubao. Ningekuwa sahihi kabisa. Na ningekuwa muongo kabisa.

Nikaandika: "Sijawahi kuteleza nao. Sijawahi kuona theluji kwa karibu. Niko Nairobi. Nililipwa kuandika vile. Lakini yale niliyokuambia kuhusu binti yako ni kweli, na unaweza kuyathibitisha kwa mtu yeyote anayekodisha mbao pale mlimani."

Hakujibu. Mpaka leo sijui kama aliniamini kuhusu ubao baada ya kujua nilimdanganya kuhusu mimi mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa na ushauri sahihi, na niliupaka matope kwa mkono wangu kabla sijautoa.

Mteja alijua siku tatu baadaye. Akaifunga kazi, pamoja na elfu kumi na moja ya wiki mbili ambayo sijalipwa na sitalipwa. Makala bado iko. Mpwa wangu wa Kitui bado ni bingwa wa Colorado.

Sasa maoni yangu, na najua wengine hamtapenda. Kuna wenzetu watasema, buda, mzungu anatulipa senti, makampuni yao yanadanganya kila siku, kwa nini wewe ndiye ujitie utakatifu? Ninaielewa hiyo hoja, nimeitumia mwenyewe. Kodi hailipwi kwa dhamiri. Na sitamhukumu mtu ambaye leo jioni ataandika vile nilivyoandika, kwa sababu najua friji yake inafanana vipi ndani.

Lakini tusichanganye vitu viwili. Kutokuwa na theluji si aibu. Kujifunza kitu kutoka mbali si uongo. Nilielewa ule ubao, pengine kuliko wengi wanaoupanda, na niliuelewa nikiwa kwenye karakana ya seremala Kahawa West. Makala iliyosema hivyo, "mimi ni Mkenya, sijawahi kuteleza, lakini acha nikueleze kwa nini ubao huu unapinda vile unavyopinda", ningeiandika vizuri zaidi. Uongo ulikuwa neno moja tu: nimejaribu.

Nilisema tutarudi Nagano 1998. Mwaka uleule snoubodi ilipoingia Olimpiki, Mkenya naye aliingia Olimpiki ya majira ya baridi kwa mara ya kwanza. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800, alipelekwa Finland kufundishwa skii, kisha akaenda Japani kushindana kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, mbali sana nyuma ya wenzake. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri pale kwenye mstari, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Tukiwa wadogo tulikuwa tunaicheka hiyo hadithi, Mkenya kwenye barafu. Siku hizi siicheki. Boit alikuwa wa mwisho, lakini alikuwa pale. Akisema theluji ni baridi, nyamaza umsikilize.

Kuanzia mwezi huu, kila kitu nitakachokagua kwenye ukurasa huu kitakuwa na mstari wa kwanza unaosema kama nimekishika, nimekitumia, au nimesoma tu. Wafadhili wawili wadogo tayari wameniambia hiyo mambo inaharibu biashara. Mmoja ni wa simu, mwingine wa mafuta ya nywele. Tutaona.

Na kuhusu lile somo, nimeanza kulisoma tena, polepole, kwa daftari. Sijasema narudi chuoni. Karo bado ni karo. Lakini juzi nilipita kwa Baba Shiro na kuchora mhimili kwenye kipande cha plaiwudi, nikamwonyesha mahali unapokaza na mahali unapovutika. Akaangalia, akatikisa kichwa akikubali, halafu akaniuliza, "Na ile mbao ya barafu, ulishawahi kuipanda?"

Nikamwambia, "Bado, mzee."